Kurasa Thelathini na Moja za Baba Yasmina

Mwaka umetimia, Baba Yasmina, tangu ile Jumanne uliyofunga mlango wa sekretaria, kibanda chako cha kuchapa barua, kabla ya adhuhuri, ukaja nyumbani umeshika kichwa, ukasema utalala kidogo kisha urudi kumalizia barua ya mtu. Ijumaa tukakuzika. Barua ile binti yetu Yasmina aliimalizia wiki mbili baadaye, na mwenye barua alipokuja kuichukua alikaa kwanza kwenye benchi lako akalia.

Sisi wa nyumba yako tunakukumbuka, Mahmudu Assumani, uliyeitwa Sekretere na mji wote wa Baraka ingawa hakuna ofisi iliyowahi kukupa cheo hicho. Ulikuwa na meza moja, kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa na sola juu ya bati. Aliyetaka barua ya kuomba kazi, maombi ya shamba au kadi za harusi alikuja kwako. Asiyejua kusoma ulimsomea barua yake taratibu, ukimwuliza kila sentensi, “Ni vile ulitaka kusema?” Wengine walibadili mawazo hapo hapo wakaondoka bila barua, na wewe hukukasirika.

Kati ya barua na barua uliandika riwaya. Hakuna aliyekutuma, wala hakuna mchapishaji aliyekusubiri. Ulichapa mwenyewe, ukashona mwenyewe kwa sindano ya gunia na uzi wa nyavu, kisha mdogo wako Iddy akapakia nakala kwenye boti lake pamoja na sabuni na chumvi za watu, akazishusha kwenye vijiji vya ziwani, Lweba na Swima.

Karatasi ulizihurumia kuliko nguo zako. Yenye upande mmoja mweupe haikutupwa. Iliingia kwenye katoni uliyoiandika BRUYO, yaani karatasi za majaribio. Mteja aliyetaka kuhakikisha barua yake kabla haijachapwa safi ulimpa nakala ya majaribio nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, akaenda nayo nyumbani kuisoma na watu wake. Tulikucheka kwa katoni hiyo. Leo mimi mkeo ndiyo ninayoishukuru, na nitasema kwa nini.

Tunaikumbuka pia chaki yako. Kila jioni ukifunga, uliandika kwenye mlango wa mbao namba ya ukurasa uliofikia. Namba tu, bila maneno. Watu walizoea kuipitia kama wanavyopitia bei ya mafuta. Norbert wa pikipiki alipunguza mwendo hata akiwa na abiria, akaisoma kwa sauti, akaendelea. Ukipanda kurasa mbili ulikula vizuri siku hiyo. Usipopanda, ulisema mboga ina chumvi nyingi.

Ndoto yako ilikuwa filamu. Ulikuwa ukitoka kwenye nyumba ya video pale karibu na soko, unanung'unika njia nzima. Ulimwambia Yasmina, “Kila siku tunaangalia batu ya mbali. Mi nataka siku moja batu ya hapa bajione kwenye ukuta, bajisikie banaongea sawa vile banaongea.” Ulishachagua na ukuta wenyewe, na ulishaanza kuuliza nani ana shuka jeupe lisilo na kiraka.

Ndiyo maana uliandika Njia ya Swima. Riwaya ya mtu aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, akaanza maisha upya Baraka. Mlango ulipoonyesha 214 ulifunga kazi siku nzima. Ulichapa nakala moja, upande mmoja wa karatasi, karatasi mpya, ukaniletea mimi wa kwanza. Nilikuwa nachambua maharage. Nikajipangusa mikono nikaanza kusoma.

Nilisoma hadi ukurasa wa 99 nikasimama.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa Baraka hawakulijua, na wanaosoma hapa wasikie pamoja na wewe. Nilipokuwa na mimba ya Yasmina, mvua iliingia nyumbani kwetu, na shitingi, lile turubai la plastiki, tuliyokuwa nayo ni moja. Wewe uliichukua ukafunika mashine yako ya taipu. Kitanda ukakiachia Mungu. Asubuhi nilifunga nguo zangu nikaenda kwetu Swima, nikakaa miezi minne. Mtaa uliambiwa mama yangu mgonjwa. Mama yangu alikuwa analima muhogo, mzima kabisa.

Na ndiyo hayo niliyoyakuta ukurasa wa 96. Jina langu hukuliandika, lakini uliandika shitingi, uliandika mimba, uliandika hata namna nilivyofunga kile kifurushi. Uso ulinichoma. Nilikuja sekretaria nikakusimamia nyuma ya kiti.

“Batu bote banajua nilienda kumutunza mama,” nilikuambia. “Sasa unataka bajue nilikukimbia? Toa ile yote. Futa, mi nikiona na macho.”

“Bushira, ni kurasa makumi tatu na moja.”

“Hata zingekuwa mia.”

Hukubishana. Ulifuta mbele yangu, sehemu nzima, toka 96 hadi 126. Nikakuambia na zile zilizochapwa uchome. Ukasema sawa. Jioni mlango ukaandikwa 183, na Norbert akasimamisha pikipiki kabisa.

“Sekretere, batu banaandika kuenda mbele, we unarudi nyuma?”

“Kuna mvua ilipita,” ulimjibu, ukapangusa chaki kwenye suruali.

Hukusema zaidi, si kwake wala kwa mwingine. Na mimi nilirudi kwenye maharage yangu nikijiona nimeshinda.

Baadaye alikuja Émilienne, yule binti wa Bukavu anayetengeneza filamu. Alikuwa amesikia habari zako, akachukua Njia ya Swima akaenda kuisoma pale alipofikia. Siku tatu ulimngoja umevaa shati lako la sikukuu ya Idi. Siku ya nne aliondoka, na nilipokuuliza ulisema, “Inakuja.” Nilikutania wiki baada ya wiki kwamba filamu yako inakuja kama lami ya barabara. Ulicheka. Namba ya mlango ikabaki 183, haikupanda tena, na sikujiuliza sababu. Miezi saba baadaye tukakuzika.

Siku ya arobaini yako Émilienne alikuja kutupa pole. Alikaa mkekani na sisi wanawake, hajui mimi ni nani katika habari ile, akasimulia. Alikuwa amekuambia, “Hapa kati iko shimo. Huyu bwana anatembea kwa miguu mpaka Swima, anarudi na bibi yake, na mi sijui kule kulipita nini. Hiyo njo filamu. Bila ile siwezi.” Na wewe ukamjibu, “Ile haiko yangu peke yangu.” Akakurudishia karatasi zako.

Baba Yasmina, nilishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Ungeweza kunifuata nyumbani ukaniambia, mwanamke wewe, filamu ndiyo hii inaondoka, niruhusu. Ningekataa, najua, ningekataa mara ya kwanza na ya pili. Lakini ungeniambia. Hilo bado nakulaumu nalo, na leo nakulaumu hadharani kwa sababu sina mlango wa kukugongea.

Tulizitafuta zile kurasa, tukafungua kila kitu. Kompyuta haikuwa na kitu. Ulipofuta, ulifuta kweli. Tuliinua hata godoro. Hatukupata.

Ni Mama Fanny wa Lweba aliyetufungua macho. Alikuja sekretaria na karatasi iliyokunjwa mara nne, nakala ya majaribio ya barua ya kikundi chao cha wakulima, anataka Yasmina aichape upya. Kabla hajaitoa mkononi akaniangalia.

“Mama Yasmina, miye nilikuya juu ya barua, lakini muniambie kwanza. Huyu bwana wa huku nyuma mwenye matope, anafuata bibi yake, bibi alirudi ao hakurudi? Miezi yote hii niko nafikiri.”

Nikageuza karatasi. Juu kabisa pameandikwa 103. Ulikuwa unatembea. Mto umejaa, pikipiki hazipiti, viatu umevishika mkononi, na kwapani una mfuko wa plastiki.

Hukuchoma, Baba Yasmina. Ungechomaje karatasi yenye upande mweupe? Uliziweka kwenye katoni ya bruyo, na watu wakaondoka nazo, moja moja, nyuma ya maombi yao ya kazi na ya mashamba. Sijui kama ulifanya ubahili wako wa kawaida, au kama ulikusudia zikae mahali ambapo sitaweza kuzifuta. Nikifikiri la pili nacheka, kisha nashindwa kucheka.

Tangu siku ile tunazitafuta. Iddy anauliza kila gati anapofunga boti. Moja ilikuwa inaziba dirisha lililovunjika Lweba. Moja ilikuwa ndani ya Biblia, mwenye nayo alisema alipenda maneno. Moja imejaa hesabu za mtoto, tano kati ya nane si sahihi. Nyingine iko kwenye faili la ofisi fulani, karani akasema dokumenti haitoki, akaniachia niinakili kwa mkono. Nilipomaliza aliniuliza yale yale ya Mama Fanny.

Tumepata kumi na tisa. Na kila moja naisoma kwa mara ya kwanza, kwa sababu siku ile niliishia 99 kwa hasira, na yaliyobaki niliyahukumu bila kuyaona. Nilidhani umeandika aibu yangu. Umeandika yako. Umeandika kwamba ulipofika kwetu alasiri, matope hadi magotini, mama yangu alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa huku, akakuuliza umekuja na nini, mafuta au sabuni, kama anavyokuja mwanaume anayefuata mke wake. Ukasema umekuja na karatasi.

“Basi soma,” akakuambia. Ukasoma sura yako ya kwanza, umesimama juani. Aliendelea kuanika, kisha mikono yake ikasimama. Nami nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nasikia kila neno. Ulipomaliza akaita upande wangu, “Bushira, rudi na huyu. Benzako bwana zabo banadanganya na mudomo. Huyu uongo wake anaandika, utausoma mbele hajafika nyumbani.” Mwezi uliopita nilimpelekea mama ukurasa huo, nikamsomea. Alisema hukupunguza neno.

Ukurasa wa 118 tunao. Unaishia hivi: “Pazia likasogea, na yule mwanamke akatoka. Nilipomwona” na hapo karatasi imekwisha.

Wa 119 hatuna.

Émilienne anajua sasa. Nilimpigia simu nikamwambia mwenyewe, yule mwanamke ni mimi. Akasema filamu anaitaka, atakuja mvua zikiisha, na kurasa zikikosekana nimweleze tu kwa mdomo ilivyokuwa. Nimejaribu. Naweza kumweleza niliyoyaona mimi: magoti yako yenye matope, ule mfuko, jasho, na namna ulivyokunja karatasi haraka kana kwamba umeiba. Naweza kumwambia nilikuwa nimeamua kutotoka, na miguu ikatoka. Lakini wewe uliona nini? Nilitoka nikiwa namna gani, Baba Yasmina? Miaka yote tuliyolala nyumba moja sikukuuliza, na siku ulipoandika jibu nilikuambia ulichome.

Kwa hiyo tunawaomba mnaosoma: yeyote aliyechapiwa barua na Sekretere katika mwaka wake wa mwisho, afungue sanduku, ageuze karatasi. Hatutaichukua barua yako. Yasmina atakuchapia nyingine safi. Na aliye na wa 119 asiogope kuuleta kwa sababu ya lililoandikwa humo. Mwenye aibu ni mimi, na nimeshaitaja mwenyewe.

Ijumaa hii, baada ya swala, tutakusomea hitima nyumbani. Tunakukumbuka mimi mkeo Bushira. Binti yako Yasmina, anayekaa kwenye kiti chako na amegoma kubadili benchi. Mdogo wako Iddy na watu wa boti lake. Mama mkwe wako wa Swima, anayesema bado unamdai sikio kwa sura ya pili. Na Norbert, ambaye si ndugu wa damu lakini tumemwandika.

Ile 183 yako hakuna aliyethubutu kuigusa mwaka mzima, hata mvua iliikwepa kwa sababu ya kibaraza. Jana jioni niliifuta kwa kiganja, nikachukua chaki yako, nikajumlisha zile kumi na tisa, nikaandika 202. Imepinda, na mbili ya mwisho inafanana na bata, utanisamehe. Nilikuwa bado nimesimama pale Norbert alipopita na abiria. Akapunguza mwendo, akaisoma kwa sauti, kisha akazima injini.

“Mama Yasmina,” akasema, “inapanda.”

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba Yasmina. Zimebaki kumi na mbili, na chaki iko kwangu.