Benchi la Babu Uwanjani Temeke

Babu, mume wangu, shikamoo. Joto la huku Temeke usiniulize, gauni limenigandia mwilini.

Leo nimekwenda mahafali kwenye uwanja wa ile sekondari yenu. Bibi mmoja wa mtandio wa kijani akaniketisha kwenye benchi la mninga. "Kaa hapa mwanangu, hili la wageni." Akanisimulia kuwa uwanja ulipofunguliwa hapakuwa na pa kukaa, basi kila nyumba ikabeba benchi lake kuja kushangilia. Mabenchi hayakurudi tena. Mpaka leo, kila sherehe, kila familia hukalia la kwao.

"Na hili?"

"La fundi mmoja wa Keko. Alihamia Tabora, tukasema basi wakalie wageni. Mvua zote hizi, halijalegea hata mguu!"

Nikamwambia fundi huyo ndiye babu yangu.

Alipiga kigelegele hadi watu wakageuka. Halafu akanivuta mkono: "Basi inuka hapo! Wewe si mgeni, nenda kapakue pilau."

Nimepakua mpaka jioni, Babu, mikono haina nguvu. Mungu akuweke. Hilo doa la mafuta pembeni mwa kadi hii ninayokuandikia ni la pilau la kwetu.

Mkeo,
Zuhura