Usaili Songea, Shauri la Hilda Chiwanda, Alhamisi Moja

Mpendwa Mshauri Mama Tumpe,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbamba Bay, naomba unisaidie kuamua, maana kila ninayemweleza hapa nyumbani ananijibu kwamba msomi ni mimi, basi niamue mwenyewe, na usomi wangu katika jambo hili umegoma kabisa.

Naitwa Asteria, nimeolewa, mume wangu Wilfred ni fundi wa injini za boti na tuna watoto wawili. Nina stashahada ya sheria lakini tangu nimalize chuo sijapata ajira, nikaona kuliko kukaa tu nijiunge na wasaidizi wa kisheria wa kujitolea wa huku kwetu, nikapata mafunzo, nikasajiliwa, na sasa nazunguka vijijini nasikiliza watu wenye migogoro ya ardhi na mirathi na matunzo ya watoto, nawaeleza sheria inasemaje na waende ofisi gani. Hatulipwi, ila watu wametuzoea, wengine wanatuita mahakimu na tukikataa wanacheka.

Katika kuzunguka huko nilimpata Hilda, mjane wa kijiji cha Chiwanda, ambaye mumewe alifariki mwaka jana na msiba ulipokwisha tu shemeji yake anayeitwa Cuthbert akaja kumwambia kwamba shamba la mihogo pamoja na ile sehemu ya ufukweni anakoanika usipa, dagaa wa ziwani, ni mali ya ukoo, yeye achukue vyombo vyake arudi kwao Liparamba, watoto watalelewa na ndugu wa baba yao. Shamba lenyewe lilikuwa pori, Hilda na marehemu walilifyeka wenyewe wakiwa wameoana karibuni, na mpaka leo ndilo linalowalisha. Sasa shida ya Hilda, mshauri, ni kwamba haongei. Walipoitwa kwenye serikali ya kijiji Cuthbert alieleza upande wake vizuri kabisa, halafu mwenyekiti akamuuliza, "Mama, una la kusema?" na Hilda akiwa ameangalia sakafu akajibu, "Hapana, shemeji ameshasema." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikashindwa kuvumilia, nikasimama nikasema yote aliyokuwa amenieleza, habari ya pori na kufyeka na watoto, na Cuthbert akanisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza taratibu, "Wewe dada ni nani kwetu?" Hawakuelewana siku hiyo, ndipo shauri likapelekwa baraza la kata wakasuluhishwe huko, na wameitwa Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi.

Alhamisi hiyohiyo asubuhi mimi nimeitwa Songea. Serikali ilitangaza nafasi za wasaidizi wa kisheria katika halmashauri, sifa zote walizotaka ninazo, elimu, umri, usajili, nikaomba, nikafanya usaili wa mchujo nikapita, na sasa yamebaki mahojiano ya ana kwa ana. Kazi ni ileile ninayoifanya bure, tofauti ni kwamba ningekuwa mtumishi wa umma, na mama yangu kule Mbinga, ambaye amenisomesha kwa kahawa yake, angepata cha kuwaambia wenzake kanisani.

Nilikwenda Chiwanda kumweleza Hilda. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua uso, akasema, "Nenda dada, Mungu yupo," lakini sauti yake ilikatika, nikarudi nyumbani nikashindwa kula. Wilfred anasema niende Songea, anasema, "Hilda ana ndugu, wewe una nafasi moja." Mimi najiuliza nitakaaje mbele ya jopo nijieleze kuwa ninasaidia wanyonge wakati mnyonge wangu nimemwacha peke yake na mtu anayemzidi maneno. Tena mwaka juzi niliitwa mahojiano ya namna hii nikashindwa, kwa hiyo hata nikienda sina hakika ya kupata, wakati kwa Hilda nina hakika kwamba nahitajika. Ukipima hivyo unaona jibu liko wapi, na kusema kweli nimeshakaribia kumwambia Wilfred kwamba siendi, ila kuna kitu kinanizuia na sikijui ni nini.

Naomba unijibu mapema ukiweza, na kama nimekosea popote unisahihishe kama mwanao.

Asteria, Mbamba Bay

*

Asteria, marahaba.

Wasomaji wajue kwamba jibu hili linachapwa baada ya mambo kupita. Barua ilinifikia siku chache tu kabla ya Alhamisi yenyewe, na kwa kuwa uliandika namba yako nilikupigia simu. Umeniruhusu kueleza tuliyozungumza na yaliyofuata, na Hilda naye amekubali. Majina yote nimeyabadilisha.

Nilikuuliza swali moja kwanza. "Hilda alikuomba usiende Songea?"

"Sauti yake ilikatika, mama."

"Nimesoma hilo. Nauliza kama alikuomba."

Ukasema, "Hakuniomba."

Nikakuuliza la pili: mwaka juzi jopo lilikuuliza nini hata ukashindwa. Ukaniambia walitaka kujua umekuwa ukifanya nini tangu umalize chuo, na wewe ukawajibu, "Nipo tu nyumbani." Nikataka kujua kama kweli ulikuwa nyumbani. Hukuwa nyumbani. Wiki ile ulikuwa umetoka Liuli, ambako wake wawili wa marehemu mmoja walikuwa hawasalimiani, na ukawaacha wameketi mkeka mmoja wakipanga nani atunze mifugo. Mbele ya watu watatu waliovaa tai hayo yote yakakutoka kichwani.

Kwa hiyo nilikuambia nilichokiona katika barua yako, na narudia hapa bila kupunguza. Wewe ulikuwa unaogopa Songea. Ulipopata mjane wa kumhurumia siku ileile, ukajificha nyuma yake, na kwa kuwa huruma yako ni ya kweli hukuweza kuona kwamba unajificha. Kuogopa hakuna ubaya, nani asiyeogopa usaili? Lakini usimbebeshe Hilda hofu yako, ana mzigo wake wa kumtosha.

Jambo la pili lilihusu kazi yenyewe, na hapa nilikukaripia. Msaidizi wa kisheria si wakili. Unaelimisha, unaelekeza, unamsindikiza mtu mpaka mlangoni, ukiruhusiwa unakaa naye ndani. Husimami kusema badala yake. Siku ile kijijini ulisimama kwa nia njema, lakini Cuthbert alipokuuliza wewe ni nani kwao, aliuliza swali ambalo hukuwa na jibu lake, na kila aliyekuwepo akaona kwamba shamba lile lina mtetezi mgeni na mwenye shamba bubu. Ulimsemea Hilda siku moja. Msimu wa kupanda ukifika na Cuthbert akasogeza mpaka kidogo, utakuwepo? Akimtuma mtu avune mihogo, utakuwepo? Anayelala pale ni Hilda.

Nilikupa maagizo na wewe uliyafuata, hilo nakusifu. Hilda aende mwenyewe kwa mwenyekiti wa baraza aombe siku nyingine. Akikataliwa, mwenzako Margareta, ambaye naye ni msaidizi wa kisheria, akae naye. Na kabla ya hapo umkalishe Hilda umuulize maswali kama watakavyomuuliza barazani, ajibu kwa mdomo wake, hata kwa Kinyasa, hata akilia, mpaka azoee kusikia sauti yake ikisema "shamba langu". Ukimaliza mgeuze: yeye akuulize wewe umefanya nini tangu utoke chuo.

Uliniambia baadaye kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyowachekesha. Hilda alikaa kwenye kigoda kama bosi, akakuuliza, "Haya dada, eleza kazi zako," na ulipoanza kuumauma maneno akakukatiza: "Sema ya Liuli. Ile uliyonisimulia mimi."

Mwenyekiti alikataa kuahirisha, maana Cuthbert alishaita mashahidi. Ukapanda gari la kwenda Mbinga na kuendelea Songea, na Hilda akaenda kwenye baraza na Margareta.

Margareta ndiye aliyenisimulia ya huko. Cuthbert aliongea kwanza, akaongea vizuri kama kawaida yake, akasema lile pori lilifyekwa kwa nguvu za ukoo. Mwenyekiti akamgeukia Hilda, na Hilda akaangalia sakafu hata Margareta akadhani yamekuwa yaleyale. Kisha akasema, "Nina swali kwa shemeji." Akaruhusiwa. "Shemeji, wakati tunafyeka pale, wewe ulikuwa wapi?"

Cuthbert akajibu kwamba alikuwa Tunduru, kwenye machimbo.

"Na baba mkwe?"

"Alikuwa anaumwa."

"Basi ukoo uliofyeka ni upi?"

Hakupaza sauti. Mmoja wa mashahidi wa Cuthbert mwenyewe, mzee wa jirani, akasema kweli aliwaona wale wawili tu na mapanga yao.

Msidhani Hilda alipata kila kitu. Walisuluhishwa kwamba shamba na nyumba ni vya Hilda na watoto, na sehemu ya kuanikia usipa watumie wote, yeye na wake wa ukoo. Hilo la ufukweni hakulipenda, na hata mimi silipendi, ila aliridhia mwenyewe kwa kinywa chake, na ameelezwa kwamba Cuthbert akikiuka anaweza kwenda baraza la ardhi la wilaya. Njia ya kwenda huko sasa anaijua.

Na wewe, Asteria, uliulizwa Songea lile swali la mwaka juzi, karibu kwa maneno yaleyale. Umeniambia ulieleza habari ya Liuli mpaka mmoja wa jopo akaacha kuandika akabaki anakusikiliza. Umepata kazi, hongera. Ila umepangiwa halmashauri nyingine, mbali na ziwa, na juzi umenipigia tena unauliza kama ukatae usubiri nafasi ya hapo kwenu Nyasa, kwa sababu Wilfred kazi yake ni boti, kwa sababu huko hujui lugha yao, kwa sababu watu wa vijiji vyako watabaki na nani.

Nilikusikiliza mpaka mwisho. Wilfred nilizungumza naye pia. Amesema injini ni injini, hata za pikipiki na mashine za kusaga ataziweza, na watoto watahama shule ikifungwa. Kuhusu lugha, mimi nililetwa Mbinga nikiwa afisa ustawi kijana kutoka Tukuyu, sijui hata salamu moja ya Kimatengo, na akina mama wa huku walinifundisha kwa kunicheka. Sikufa, na nimestaafia hapahapa. Vijiji vyako vina Margareta na wenzake.

Kwa hiyo sikia. Nenda ukaripoti kazini ndani ya muda uliopewa, usiandike barua ya kuomba kubadilishiwa kituo kabla hujakiona kituo chenyewe. Mashauri yote uliyonayo mkabidhi Margareta, moja baada ya jingine, mkiwa mmeketi, si kwa simu. Nenda Chiwanda umuage Hilda uso kwa uso, na usimwahidi kwamba utarudi kumsaidia, maana hujui, naye hahitaji kusubiri. Mpe mama yako barua ya ajira aishike mwenyewe. Kisha panda gari.

Mama Tumpe