Ukuta wa Asteria nimeusiliba

Mama Eustace, uko hewani? Nimeharibu kazi ya mjukuu wangu. Nimeharibu gete, kweli kabisa.

Asteria, huyu anayesoma kompyuta Shinyanga mjini, alichora kwa chaki kwenye ukuta wa jiko langu. Visanduku arobaini na kimoja. Kila kisanduku ni faili la programu yake ya kuendesha pampu za maji mgodini, na mistari inaonyesha faili lipi linategemea lipi. Siku nne anachora. Kesho anaieleza mbele ya walimu wake.

Mimi nikawaza jumuiya inasali kwetu Jumamosi, ukuta umejaa chaki. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikausiliba wote. Tena naimba.

Karudi, kasimama mlangoni.
"Bibi, mchoro wangu uko wapi?"
Nikamwambia tazama ukuta ulivyopendeza.
"Bibi, mchoro wangu uko wapi?"

Hakulia. Angelia ningepumua.

Kachukua daftari, kakaa karibu yangu. "Wewe ulikuwa unautazama kila ukisonga ugali. Faili la kipimo cha maji lilitegemewa na mangapi?"

Nikasema matano.

Kachora mistari mitano, kanishukuru.

Mama Eustace, mimi sikuwahi kuihesabu.