Nimepanda dungu, kushuka nimeshindwa

Jumanne, bondeni Mkongo. Asubuhi ukungu, kisha jua kali. Goti la kulia limeamka kabla yangu.

Lilikuwa gumu, kama kawaida. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikalikunja na kulinyoosha taratibu kama alivyonielekeza daktari kule Kibiti, nikalikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Nikala kiporo, ndipo nikameza kidonge. Kumeza na tumbo tupu nimeshakoma. Ya daktari nayafuata yote ila moja: nisipande ngazi.

Sasa mpunga nitaulindaje? Dungu letu, kile kibanda cha kulindia, liko juu ya nguzo ndefu kuliko mtu, na kamba zote za makopo zinaishia huko juu. Ndege wakitua unavuta, makopo yanapiga kelele, wanaruka. Mpunga umeanza kuingia maziwa. Ukizembea siku moja, umewalimia kweleakwelea.

Tangu mume wangu afariki nalima na dada yake, wifi yangu Mwanahawa. Wanangu wako Dar, wanataka niache, nikae nyumbani Kibiti, niletewe mchele. Hawana ubaya. Ila mimi nikishakaa, siinuki tena. Najijua.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu. Nikajikaza kisabuni, nikapanda.

Kushuka ndiko kulikonishinda.

Kila nikishusha mguu kutafuta kipandio, goti linagoma. Nikarudi juu, nikakaa. Mkojo ukanibana. Dungu nimelipanda hata na mimba ya mwanangu wa kwanza, leo nimekwama kama paka juu ya mnazi. Niliona aibu. Nikaogopa pia, bora niseme.

Mwanahawa alipoleta chai akasimama chini, akaniangalia.

"Wifi, umehamia huko?"

"Goti limegoma."

Hakucheka, na yule kwa utani hajambo. Hapo ndipo nikajua hali yangu. Akapanda, akanishusha kinyumenyume, mguu mmoja mmoja akiniwekea kwa mkono wake. Nikajivuta hadi kichakani. Niliporudi nikamwambia labda wanangu wana haki, nirudi Kibiti nikapumzike.

"Uniachie ndege wote hawa peke yangu? Thubutu!"

Akapanda tena. Nilidhani amenuna. Kumbe anafungua kamba. Akaziungia vipande vya chandarua kikuukuu, akaziteremsha mpaka chini, kisha akanitolea kiti cha plastiki. Kigoda alikisogeza mbali kwa mguu. Anajua nikikaa chini vile kuinuka ni kazi.

Kutoka kitini sioni kitu. Mbele yangu ni majani ya mpunga tu.

"Vuta ya kulia!" Mwanahawa akapaza sauti, amesharudi juu dunguni.

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mikono haina tatizo, alhamdulillahi. Ndege sikuwaona, ila nilisikia mabawa yakipita juu ya kichwa changu, mengi, yakielekea mashamba ya watu.

"Haya, ya kushoto! Wifi, umelala?"

Tumekwenda hivyo mpaka jua likapoa. Goti limevimba kidogo, nimelilaza juu ya mto huku naandika.

Jioni wanangu walipiga simu. Nimewaambia nimemsikia daktari, dungu sipandi tena. Wakafurahi kweli, wakauliza narudi lini Kibiti.

Nikawajibu, tukishavuna.