Hamsini na Saba Langoni

Neuhagen, Wisconsin
14 Mei 1918

Dada Otti mpenzi,

Jambo hili sijamwambia mtu, na hata Mungu nimemwambia nusu tu: jana alfajiri nilimwona Baba analia.

Nisamehe, nimeanza vibaya, salamu kwanza. Sisi wazima, ng'ombe wazima, yule mwekundu amezaa ndama mwenye miguu kama viti vya kanisani. Wewe je, kikohozi kimekuacha? Na shemeji Emmett hajambo?

Sasa nieleze. Juzi tulipokuwa shambani walipita watu na gari wakapaka alama kwenye ile nguzo ya simu ya langoni petu. Pembetatu nyeupe, na ndani yake namba nyeusi: 57. Baba alipoiona alisimama na ndoo za maziwa mikononi mpaka maziwa yakaacha kutoa mvuke.

Huku mambo yamebadilika tangu uondoke, dada, kwa ajili ya vita hivi na Ujerumani. Mwezi wa nne mlango wa mchungaji ulipakwa rangi ya njano, ya wasaliti, kwa sababu anahubiri Kijerumani. Kabla ya hapo Baba aliitwa posta kuandikishwa kama adui wa nchi, eti miaka yote hii hakuchukua uraia wa Marekani. Wakamchovya vidole kwenye wino, kimoja kimoja. Kwa hiyo anaamini hamsini na saba ni namba yake kwenye orodha yao. "Kwanza vidole," aliniambia, "sasa lango. Bado sisi wenyewe."

Basi alfajiri akatoka na sabuni ya magadi na mchanga, akaisugua nguzo. Nilikuwa dirishani. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani ni kwa kusugua, mpaka akaacha kusugua na mabega yakaendelea. Nilirudi kitandani nikajifunika shuka mpaka kichwani. Binti mwingine angeshuka kwenda kumshika mkono. Mimi unanijua.

Sasa anataka kuuza ng'ombe wote tuhame. Jirani yetu Zastrow ameshakuja kuwapapasa migongo. Wapi tutakwenda, hasemi. Anasema tu, "Mahali wasipotujua." Na mimi, dada, sitaki. Mama amezikwa hapa.

Mumeo anafanya kazi ya barabara. Muulize namba hii ni ya nini. Jibu lipitishe kwa mwalimu wangu wa Kiingereza, kwa sababu jina lako bado halitajwi mezani petu.

Mdogo wako,
Alwine


Carrow
20 Mei 1918

Alwine, mdogo wangu wa pekee,

Barua yako imenikuta mzima, kikohozi kimekwisha. Nimeisoma nimesimama, nikacheka, halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia, Emmett akadhani kuna msiba.

Hakuna orodha! Ni namba ya barabara. Serikali ya jimbo imezipa barabara kubwa zote namba, na Emmett anajigamba hakuna jimbo jingine lililofanya hivyo, utafikiri ni yeye aliyebuni. Si unajua kwetu mgeni akiuliza njia anavyojibiwa? "Nenda mpaka ghala la Schroeder, kisha upinde pale alipokufa farasi wa Krause." Huyo farasi alikufa kabla sijazaliwa! Sasa mgeni hana haja ya kumjua farasi. Anafuata nguzo zenye namba yake.

Nikamuuliza Emmett, "Nguzo ya kwetu ni wewe uliyeipaka?"

"Mimi. Nimeinyoosha kuliko zote, si lango la baba mkwe?"

"Na hukuingia kumwamkia?"

"Nimwamkie mtu aliyekataa kuja harusini kwangu, eti mimi si Mjerumani? Angenivisha ndoo kichwani, na maziwa yake humo humo."

Hivyo ndivyo wanaume hawa wawili walivyo. Lakini sikiliza, nje ya dirisha langu la jikoni kuna nguzo, nayo ina 57. Barabara inayopita langoni kwenu ndiyo hii hii. Kila ninapoosha vyombo naitazama.

Na jingine. Nina mimba, Alwine. Nitajifungua mwezi wa nane, Mungu akipenda. Baba ajue.

Kumwambia itabidi wewe, kwa sababu barua zangu anazirudisha bila kuzifungua. Mwambie upesi. Kufuta alama hizo ni kosa, na mwaka huu kosa dogo la Mjerumani linakuwa kubwa. Akionekana, watamchukua kweli.

Dada yako,
Otti


Neuhagen
3 Juni 1918

Dada mpenzi,

Natumaini wewe na huyo mdogo aliye tumboni hamjambo. Nimeirudia ile sehemu mara nyingi hadi karatasi imelainika.

Nilijaribu kumwambia Baba, haki ya Mungu. Nilianza wakati anakula viazi, nikasema, "Baba." Akasema, "Nini?" Nikasema, "Chumvi." Nilianza tena zizini. Akasema, "Nini tena?" Nikaomba ndoo. Kumtajia namba ni kumtajia wewe, na hapo ulimi unakuwa gogo.

Nikawa nangoja siku nzuri. Siku nzuri haikuja, alikuja Bwana Tierney, mtunza barabara wa upande wetu. Alikuwa ameipaka upya ile alama iliyosuguliwa, na Baba alikuwa ameifunika tena kwa chokaa. Zastrow naye alikuwepo, anahesabu meno ya ng'ombe.

"Mzee," Tierney akasema kwa Kiingereza, "nani anafuta alama ya serikali? Hii mara ya pili. Nikipeleka habari hii mjini, na jina lako hilo la Pagel, utalala ndani."

Baba hakuelewa ila neno serikali. Akavua kofia. Dada, alivua kofia na kunyoosha mikono mbele, kama mtu anayengoja kufungwa.

"Muulize Alwine," Zastrow akasema huku anacheka. "Atakujibu Krismasi."

Nikasikia mtu anazungumza, kumbe ni mimi. "Ni Baba aliyefuta," nikamwambia Tierney. "Alidhani ni namba ya kumkamatia."

"Kumkamatia? Kwa pembetatu?" Tierney alianza kucheka. Kisha akaiona ile mikono ya Baba, na kicheko kikamkwama. Akaenda garini, akarudi na kopo la rangi na bati lililotobolewa ile namba. Akaviweka chini taratibu. "Aipake mwenyewe. Mjini nitasema ni mvua."

Baba akaniuliza kwa lugha yetu, "Anasemaje?"

"Baba, ile ni namba ya barabara. Si yetu. Ukiifuata unafika Carrow, mpaka dirishani kwa Otti."

"Nani kakuambia?"

"Otti mwenyewe."

Zastrow akakohoa. "Haya, Pagel. Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe wanakamuliwa," Baba akasema, akaingia zizini.

Tangu hapo hajanisemesha. Kopo liko barazani, halijafunguliwa. Habari ya mtoto sikuifikia, maneno yaliniishia. Sijui kama ng'ombe ameahirisha kuwauza au ameacha. Naogopa, dada.

Mdogo wako,
Alwine


Carrow
10 Juni 1918

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Ulisema maneno yote hayo mbele ya watu watatu? Wewe? Nimemsomea Emmett, akapiga meza, akasema huyu ndiye shemeji.

Lakini nisaidie: nilipotajwa, uso wake ulikuwaje? Niandikie hata kama ulikuwa mbaya. Mtoto anacheza sana siku hizi, na mimi silali.

Dada yako,
Otti


Neuhagen
22 Juni 1918

Dada Otti,

Pole kwa kukungojesha. Tu wazima, nami natumaini umepata usingizi. Nilikuwa sina la kukuandikia, sasa ninalo.

Uso wake sikuuona, alikuwa amegeuka. Ila Jumatano baada ya kukamua alimfunga farasi kwenye mkokoteni, akavaa koti la kanisani, akaondoka bila kuaga. Nikajua ameenda kutafuta pa kuhamia. Niliosha sakafu ambayo ilikuwa safi.

Aliporudi ng'ombe walikuwa wanalia kwa kujaa maziwa. Hakusema alikotoka. Kesho yake Zastrow ndiye aliyeniambia, "Baba yako kapatwa na nini? Nimemkuta daraja la Carrow, amekaa mkokotenini anaitazama nguzo. Namwambia vuka basi, mji si huo hapo! Akageuza farasi."

Alifika mpaka darajani, dada. Alifuata nguzo zote mpaka darajani kwenu.

Leo mchana tulikuwa tunakula supu. Akaniuliza huku anatazama bakuli, "Ile nguzo ya kwa dada yako, iko upande gani wa nyumba?"

"Upande wa jikoni, Baba."

"Jikoni." Akamega mkate. "Si haba. Ataiona akiosha vyombo."

Kisha akaniambia ng'ombe mwekundu anahitaji chumvi, na Zastrow asiachiwe tena kuingia zizini. Akachukua kopo lililokuwa barazani, akatoka. Namwona kutoka hapa. Anapaka ile hamsini na saba, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Imekwenda upande.

Nilitaka nikimbie nikamwambie habari ya mtoto. Nimesimama mara mbili, nimekaa mara mbili. Ujasiri wangu wote ulikwisha siku ya Tierney, sijui kama utaota tena.

Lakini barua hizi zote, dada, tunaziandikiana Kiingereza kwa kuwa Baba hakisomi, na bado nazisukuma chini ya godoro. Kuanzia hapa naandika Kijerumani, kwa herufi kubwa, maana miwani yake ina ufa:

OTTI ANA MIMBA. ATAJIFUNGUA MWEZI WA NANE. KILA BARUA ANAKUULIZIA. VUKA DARAJA, BABA.

Amefunga kopo. Anakuja. Namsikia anakung'uta viatu kwenye ngazi. Mkono umeshaishika karatasi kuificha, nimeurudisha. Naigeuza ielekee kiti chake. Naweka kalamu