Mwiko wa mama darini

Shona, uko? Usinipigie, nitalia.

Baridi imepungua, basi baba kaamua kung'oa rejeta ya sebuleni, ile ya maji moto ya kupasha nyumba joto, apake rangi ukuta wa nyuma yake. Nikamwacha. Si fundi bomba maisha yake yote? Kazima boila la kuchemshia maji yake, kapeleka mpira wa kuyatolea bustanini, maji yakamwagika weee mpaka tukamaliza birika zima la chai. Hayakatiki!

Nikamuuliza, "Baba, boya la tanki la darini umelifunga juu lisishuke?" Maana usipolifunga, tanki linajijaza tena na kurudisha maji chini. Akanifokea, "Unanifundisha kazi? Limefungwa!"

Akachoka kusubiri, akalegeza nati ya rejeta. Shona!! Maji meusi tii kwa kutu yakamrukia kifuani, zulia la mama lote likawa jeusi. Mimi nimeshika beseni, nimeganda.

Yeye wala hakushtuka. Akainua uso, akaita, "Beryl! Si nilikwambia ufunge?"

Beryl. MAMA. Tuliyemzika mwaka juzi.

Nikapanda ngazi mbio. Kando ya tanki nikaukuta mwiko wake wa jikoni, una kamba katikati. Kumbe miaka yote ni yeye aliyekuwa akipanda, analaza mwiko juu ya tanki na kulining'iniza boya. Baba hajawahi kulifunga hata siku moja.

Nikalifunga. Akaita tena kutoka chini, kwa upole kabisa, "Beryl mpenzi, tayari?"

Nikaitikia, "Tayari."

Sikusema "baba".