Maneno Niliyomwambia Ng'ombe

Alhamisi, jioni. Mvua ya mchana imekwisha lakini mabati bado yanadondosha. Nina aibu na nina furaha, sijui niandike ipi kwanza.

Kesho Kogo anaenda Kapkatet kufanyiwa upasuaji wa jicho. Ndiye mwenye nyumba ninayopanga hapa Mogogosiek, na sote tunamwita hivyo, yaani nyanya. Tangu nije kuwa karani wa kupima majani chai, huniachia maziwa mlangoni. Huniongelesha Kikipsigis, nami hutabasamu tu. Nikitaka kujibu, napanga sentensi kichwani, naikagua, naikagua tena. Ikiwa tayari, Kogo ameshaingia jikoni.

Chuoni tulisoma jinsi mtu anavyojifunza lugha ya pili. Kwamba kwanza hunyamaza na kusikiliza, kama mtoto mchanga. Kwamba hofu hufunga mlango hata maneno yakiwa ndani. Niliyaandika hayo kwenye mtihani kwa Kiingereza safi, nikapita vizuri.

Sasa huu wangu ni usikilizaji, au ni woga?

Kiingereza nilikipata kwa woga. Shuleni kwetu Kisii, aliyeteleza akasema Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake akiisema. Kiingereza changu hakina kosa, lakini pia hakuna mtu aliyewahi kunibembeleza kwacho. Hata "pole" ya kumwambia aliyebeba mzigo, sijui kuisema kwa Kiingereza bila kuonekana mimi ndiye niliyemtwika.

Kwa hiyo nimekuwa nikifanya mazoezi na ng'ombe.

Ng'ombe wa Kogo anajua Kikipsigis tu, na hacheki. Asubuhi kabla ya kazi humpelekea nyasi, namsalimu "chamgei", namuuliza amelalaje. Leo nilimwambia yale niliyotaka kumwambia Kogo: usiogope, utarudi ukiona vizuri, nitakungoja.

Sauti ikajibu nyuma ya zizi, kwa Kikipsigis, nzito na ya polepole, kama ng'ombe mwenyewe. Siogopi sana, ilisema, lakini nani atanikamua?

Niliangusha nyasi zote.

Kogo akatokea na ndoo yake, akicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akanihurumia, akaingia kwenye Kiswahili.

"Karani! Hiyo maneno unaambia ng'ombe, na hospitali naenda mimi?"

"Pole, Kogo. Naogopa nitakosea."

"Kosea! Mimi nakosea Kiswahili miaka yote, na dukani bado wananiuzia sukari."

Basi nikasema. Nilikosea, najua, maana alikunja uso kidogo katikati. Lakini hakunirekebisha. Alipangusa mikono kwa leso, akashika mkono wangu kwa nguvu, asiuachie.

Sikuwa nimewaza kwamba yeye pia anaogopa.

"Sema tena, lakwet," akaniambia, kama anayemwambia mtoto wake. "Ile ya kurudi."

Nikasema tena. Na tena.

Kesho binti yake atakuja kumchukua, na majirani watajaa langoni, wote wenye lugha yao. Nitamwambia Kogo mbele yao, kabla sijaipanga sentensi. Halafu jioni nitamkamua ng'ombe, nimweleze kwa makosa yangu yote kwamba Kogo anarudi.